Kabla ya Hiawatha

Mshairi wa pwani, aghalabu, husikia kabla ya kuandika. Ubeti humjia pamoja na lahani yake. Huuimba moyoni, akapima mizani kwa kidole na kina kwa sikio, ndipo, akipenda, autie katika karatasi. Na asipopenda pia hapana hasara kubwa. Muyaka bin Haji alifariki mwaka 1840, na tungo zake zikaendelea kuishi vinywani mwa watu wa Mombasa kwa miaka mingi, hata mwishoni mwa karne hiyo Mwalimu Sikujua na mmisionari W. E. Taylor walipozikusanya na kuziandika. Sauti ilitangulia, wino ukafuata.

Mtunzi wa muziki wa Ulaya njia yake ni kinyume cha hiyo. Yeye huandika kwanza. Hukaa peke yake na karatasi yenye mistari mitano mitano, akaitawanyia noti, hii ya fidla, hii ya chelo, hii ya klarineti, na yote hayo huyasikia kichwani tu. Piano itamsaidia kidogo, lakini piano haina pumzi wala haivuti uta. Ikiwa yeye ni maarufu, atawapata wapigaji upesi. Ikiwa ni kijana asiyejulikana, na hasa kijana maskini, utungo wake waweza kukaa bubu miezi, au miaka, au milele. Ndiyo maana siku ya kwanza ya kuusikia huwa ni siku ya hukumu kwake: kilichokuwa siri baina yake na karatasi sasa kimo hewani, na kila aliyemo chumbani ana haki ya kukipima.

Samuel Coleridge-Taylor alizipata siku za namna hiyo tatu, mwaka mmoja baada ya mwingine, kabla hajatimiza miaka ishirini. Dunia ilimjua baadaye kwa kazi moja kubwa ya waimbaji na okestra, na kazi hiyo ikaja kuzifunika siku zile tatu kama wimbi linavyofunika nyayo. Hapa zinafukuliwa.

Alizaliwa London tarehe 15 Agosti 1875. Baba yake, Daniel Peter Hughes Taylor, alikuwa Mwafrika wa Sierra Leone aliyekwenda Uingereza kusomea udaktari. Alirejea Afrika ya Magharibi bila ya kujua kwamba amemwachia mwana Alice Hare Martin, mama wa mtoto. Mama alimpa mwanawe jina la mshairi Samuel Taylor Coleridge, maneno mawili ya mwisho yakipinduliwa. Jambo la kupendeza kwa wasomaji wa mashairi, kwani mtoto huyo alikuja kuutilia muziki utungo mashuhuri wa mwenye jina lake, *Kubla Khan*, katika mwaka 1906.

Walikaa Croydon, kusini ya London, katika nyumba ya Benjamin Holmans, mfua chuma aliyekuwa akiwatia farasi viatu. Mzee huyu alikuwa mpenzi wa fidla, na ndiye aliyemtia mtoto fidla ya kwanza mkononi. Haukuwa ukoo wa mali wala wa elimu ya juu. Inasimuliwa kwamba mwalimu wa fidla, Joseph Beckwith, alimwona mtoto mweusi barabarani akicheza gololi, mkono mmoja umeshika fidla ndogo. Akamwita ndani, akamweka noti mbele yake, na mtoto akazipiga. Beckwith akamfundisha kwa miaka saba. Skulini mambo hayakuwa matamu vivyo hivyo. Wenziwe walimpa majina ya rangi yake, na inasimuliwa pia kwamba siku moja walimtia moto nywele ili waone kama zitawaka.

Aliyemfungulia mlango ni Kanali Herbert Walters, kiongozi wa kwaya ya kanisa alimokuwa akiimba. Walters ndiye aliyemwendea Sir George Grove, mkuu wa Chuo cha Kifalme cha Muziki mjini London, kumwombea nafasi. Husemwa kwamba Grove alisita kwa sababu ya rangi ya kijana, akihofia watu chuoni watasema nini, kisha akashinda hofu yake. Mwaka 1890, umri wake miaka 15, Samuel akaingia chuoni kusomea fidla. Mwaka uliofuata, 1891, nyumba ya uchapishaji ya Novello ikamchapishia wimbo wake wa kanisani. (Na katika mwaka uo huo wa 1891, yule Taylor mwingine, wa Mombasa, akachapisha kitabu chake cha methali za Waswahili. Hawakuwa jamaa wala hawakujuana. Lakini jina moja likawa linafanya kazi ya sauti na karatasi katika pande mbili za dunia.)

Walimu wakatambua upesi kwamba kijana huyu fidla haikuwa mwisho wake. Mwaka 1892 akahamishiwa darasa la utungaji, chini ya Charles Villiers Stanford, Muirishi wa Dublin, mwalimu mkali ambaye darasani mwake walipita wengi waliokuja kuwa mabingwa, kama Gustav Holst na Ralph Vaughan Williams. Stanford hakuwa mtu wa kubembeleza. Akiletewa kazi mbovu husema ni mbovu, na mwanafunzi arudi nyumbani akaanze upya. Lakini kisa kimoja chake kimehifadhiwa na hakistahili kuachwa. Mwanafunzi mmoja alimtukana Samuel kwa rangi yake, na Stanford akasikia. Akamwita Samuel kando, akamwambia kuwa katika kidole chake kidogo mna muziki mwingi kuliko uliomo katika mwili mzima wa yule aliyemtukana. Mtu aweza kuuliza kwa nini maneno hayo hakuambiwa mwenye kutukana. Swali ni la haki. Hata hivyo, kwa kijana wa miaka 17 au 18, kutoka kwa mwalimu asiyesifu, neno lile lilikuwa zito.

Muziki aliokuwa akiuandika ni ule uitwao muziki wa chumbani: wapigaji wachache, kila mmoja na njia yake, hapana mwongozaji mbele yao. Kwa watu wa visiwani sura yake si ngeni sana. Taarabu ya zamani, kabla ya majukwaa makubwa na vipaza sauti, ilikuwa ni udi, kanuni, fidla na dumbaki chumbani, wapigaji wakitazamana usoni, na kosa la mmoja likisikika na wote. Tofauti ni kwamba kule kila noti imekwisha amriwa na mtunzi, na mpigaji hana ruhusa ya kupamba. Muziki wa namna hiyo haumfichi mtunzi. Okestra kubwa yaweza kumsitiri kwa kishindo cha ngoma na pembe za shaba. Vyombo vitano haviwezi. Wazo likiwa jembamba, ujembamba wake huonekana hapo hapo.

Siku ya kwanza ilikuwa mwezi wa Oktoba 1893, mjini Croydon kwao. Samuel, umri miaka 18, alitayarisha tafrija ya muziki wa chumbani katika ukumbi wa mji, na miongoni mwa yaliyopigwa ni utungo wake wa piano na vyombo vinne vya nyuzi, alioupa namba ya kwanza katika hesabu ya kazi zake. Kutia namba ni kama mshairi kutia jina lake katika ubeti wa tamati: ni kusema, hii nimeikiri. Utungo wenyewe umejaa haraka ya ujana. Mawazo yanasukumana mlangoni, na sehemu ya mwisho inajaribu kufanya mambo zaidi ya uwezo wake, hata ikaingiza mfumo wa sauti kufukuzana kana kwamba kijana anataka kuonesha kuwa darasani hakulala. Lakini lahani ni zake. Mtu akisikia sehemu ya polepole, chelo inapoimba peke yake, hatadhani kuwa ni kazi ya mwanafunzi anayenakili.

Siku ya pili ilikuwa tarehe 5 Julai 1894, chuoni London. Safari hii vyombo vilikuwa tisa: piano, fidla, viola, chelo, besi, obo, klarineti, basuni na pembe la shaba. Juu ya karatasi aliandika kwa Kilatini maneno yenye maana ya hatua za kupandia Parnasi, mlima wa washairi wa Kiyunani. Maneno hayo yalikuwa pia jina la kitabu cha kale cha kufundishia utungaji, hivyo kuna unyenyekevu na kuna kutania ndani yake: mimi ningali mwanafunzi, lakini mlima nimeuona.

Ugumu wa vyombo tisa ni namna ya kuvigawia nafasi. Piano ni chombo kinachomeza vingine. Pembe la shaba lina nguvu ya kuzima nyuzi zote likiachiwa. Basuni, chini kabisa, hupotea besi ikiingia. Mambo hayo hayasomeki katika kitabu. Hujulikana siku tisa wanapokaa pamoja na kuanza kupiga. Hapo mtunzi husikia ama alichokikusudia, ama vurugu. Kijana huyu alisikia alichokikusudia. Ametumia piano kama mwenyeji mwema, anayekaribisha wageni kisha akanyamaza, na sehemu ya tatu, ile ya mchezo, inaruka kutoka chombo hadi chombo bila ya kujikwaa. Huo ni ujuzi wa sikio. Hakuna darasa linalougawa.

Grove naye alikuwa akimfuatia kwa karibu, mwaka huo ukiwa wa mwisho wake katika ukuu wa chuo. Inasimuliwa kwamba alipozisikia kazi za kijana katika miaka hiyo alisema kuwa hataweza kuandika sehemu nzuri ya polepole mpaka apende, kwani hapana awezaye bila ya kupenda. Wasomaji wa tungo za mahaba watatabasamu, kwani kauli hiyo imezungukazunguka pwani hii pia, kila kijana anapoanza kutunga. Lakini si kweli, au si kweli yote. Wapo waliopenda mpaka wakakonda wasiandike ubeti mmoja wa maana. Na Samuel, mwaka mmoja tu baada ya vyombo tisa, aliandika sehemu ya polepole ambayo wapenzi wa muziki wa chumbani bado wanaitaka. Kama alikuwa amekwisha penda au hajapenda, ni mambo yake.

Sehemu hiyo imo katika utungo wa siku ya tatu. Kisa chake kina asili mbali kidogo. Johannes Brahms, mzee wa Vienna, aliyekuwa amekaribia kuiweka kalamu chini, alimsikia mpigaji wa klarineti Richard Mühlfeld, akaandika mwaka 1891 utungo wa klarineti na nyuzi nne. Mwaka 1892 Mühlfeld aliufikisha London pamoja na Joseph Joachim, fidla ya kwanza ya zama zile, na wasikilizaji wakapigwa na bumbuwazi. Ni muziki wa jioni, wa mtu anayeaga. Miaka michache baadaye ulipopigwa chuoni, Stanford aliwaambia wanafunzi wake kwamba baada ya huo hapana tena awezaye kuandika utungo wa klarineti na nyuzi bila ya kivuli cha Brahms kumwangukia.

Kwa washairi hili ni jambo linaloeleweka bila ya maelezo. Kila bahari ina nahodha wake, na anayekuja nyuma yake huambiwa: fulani alikwisha maliza. Wengi husikia na kuacha. Wengine huiga, wakasifiwa kwa kuiga. Samuel alilichukua neno la mwalimu kama jawabu linavyochukuliwa katika majibizano ya mashairi: amenena, nami nitamjibu. Akaenda akaandika utungo wake, kwa vyombo vile vile vitano, na tarehe 10 Julai 1895 ukapigwa chuoni. Stanford, kwa mujibu wa simulizi, alimkubalia kwamba amefanikiwa.

Alifanyaje? Kwanza, hakuaga. Brahms alikuwa na miaka 58. Samuel hakuwa amefika 20, na hakujifanya mzee. Utungo wake unaanza kwa nguvu, klarineti na nyuzi zikigombea mdundo. Pili, alichagua jirani mwingine. Alimpenda Antonín Dvořák, Mcheki, ambaye katika miaka hiyo alikuwa New York akiwaambia Wamarekani kwamba muziki wao wa kesho umo katika nyimbo za Weusi. Kutoka kwa Dvořák alijifunza lahani fupi zenye kurudi, na ngoma ndogo ndogo zilizofichwa ndani ya nyuzi. Tatu, na hapa ndipo penye sahihi yake, mdundo. Katika sehemu ya tatu mizani mbili zinakwenda pamoja, moja ikigawa kwa namna hii na nyingine kwa namna ile, na sikio haliwezi kutulia upande wowote. Baadhi ya waandishi wamekimbilia kusema kuwa hiyo ni damu ya Afrika. Maneno hayo yafaa yapimwe. Kijana alikuwa hajaiona Afrika, baba hakumlea, na mdundo haurithiwi kama pua. Alichokuwa nacho ni sikio zuri na ukaidi. Afrika aliitafuta baadaye, kwa hiari yake, na hilo ni kubwa zaidi kuliko kuirithi bila ya kujua.

Sehemu ya polepole, ya pili, ina klarineti inayoimba juu ya nyuzi zilizofungwa sauti kwa kibano kidogo, hata zikawa kama zinatoka chumba cha pili. Na mwishoni mwa utungo mzima, wakati msikilizaji anangojea kishindo, lahani ile ya polepole inarejea kwa muda mfupi, kisha ndipo mwisho unapokuja kwa haraka. Ni kama mgeni aliyekwisha vaa viatu akageuka kusema neno moja mlangoni.

Stanford hakuishia kusifu. Aliuchukua utungo ule hadi Berlin, na mwaka 1897 Joachim mwenyewe akaupiga na wenzake. Mkono ule ule ulioileta kazi ya Brahms London sasa ulishika jibu la kijana wa Croydon. Samuel hakuwapo.

Baada ya hapo historia inakwenda kasi. Mwaka 1897 alikutana na mshairi Mmarekani Mweusi Paul Laurence Dunbar, aliyekuwa London, wakafanya tafrija pamoja, mmoja akisoma na mwingine akitunga. Septemba 1898 okestra ikapiga kazi yake Gloucester, kwa kupendekezwa na Edward Elgar. Na tarehe 11 Novemba 1898, chuoni pale pale, Stanford akaongoza kwa mara ya kwanza *Hiawatha's Wedding Feast*, kwa maneno ya mshairi Longfellow. Mtunzi alikuwa na miaka 23. Sir Arthur Sullivan, mgonjwa, alikwenda kusikiliza. Haki zote za kazi hiyo Samuel alikuwa amekwisha ziuza kwa gini 15, yaani pauni 15 na shilingi 15, na hazikurudi tena kwake wala kwa mkewe na watoto wake wawili, ingawa nakala ziliuzwa kwa malaki. Baina ya 1924 na 1939 Hiawatha ilijaza ukumbi mkubwa wa Albert mjini London, waimbaji wamevaa manyoya. Aliyeitunga alikuwa kaburini.

Alihudhuria Mkutano wa Waafrika London Julai 1900. Alikwenda Marekani mara tatu, 1904, 1906 na 1910, ambako Weusi wa Washington walikuwa wameunda jumuiya ya waimbaji yenye jina lake. Mwaka 1905 alitoa kitabu cha nyimbo 24 za Weusi kwa piano, na Booker T. Washington akaandika dibaji. Humo zimo nyimbo za Waronga wa Ghuba ya Delagoa, pale palipo Maputo sasa, zilizokusanywa na mmisionari Mswisi Henri Junod. Mojawapo ni malalamiko ya mwanamke asiye na mtoto, ambaye hata wa kuazimwa hapewi. Ndipo mtoto wa Croydon alipogusa pwani ya mashariki ya Afrika: kwa karatasi, kama desturi yake, na kwa vidole kumi vya mpiga piano. Alifariki kwa homa ya mapafu tarehe 1 Septemba 1912, umri miaka 37.

Muziki wa chumbani haukupata bahati ya Hiawatha. Utungo mmoja wa vyombo vinne vya nyuzi, wa mwaka 1896, umepotea kabisa. Ule wa vyombo tisa na ule wa kwanza wa piano havikuchapishwa katika uhai wake. Vilibaki kwa mwandiko wa mkono, karatasi za mwanafunzi katika maktaba ya chuo chake, wakati wapenzi wa Hiawatha wakipita nje kwa maelfu. Karne ikamalizika. Kisha wapigaji wakaanza kuomba nakala. Mwaka 2007 kundi la Nash Ensemble la London lilitoa santuri yenye utungo wa piano wa 1893 na ule wa klarineti wa 1895 pamoja, na mtu yeyote, popote alipo, akaweza kuzisikia siku mbili kati ya zile tatu. Katika ule wa kwanza, chelo inapoanza sehemu ya polepole, fidla zinangoja vipimo vichache kabla ya kuijibu.